Sheria na Mianya ya Mshairi, Kutoka Jukwaa la Amri Abeid

Wengi wanaopanda jukwaani Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa Arusha kumzomea refa hawajui kuwa mwenye jina ndiye aliyeandika sheria. Si za mpira. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kabla hajawa meya wa Dar es Salaam. Kali kweli, ila ushairi wetu una mianya tangu kale. Tuhesabu mianya mitatu na sheria mbili, kuanzia mwanya mdogo.

5. Mazida. Mizani, yaani silabi za mshororo, ikipungua, neno linavutwa: afya inakuwa afiya. Jaribu kuvuta bei hivyo soko la Kilombero uone.

4. Inkisari. Hapa neno linakatwa: nimekuja, 'mekuja. Vijana wa hapa ni mabingwa bila kusoma: Arusha wakaivuta ikawa Arachuga, kisha wakaikata ikabaki Chuga.

3. Vina. Ukikaa upande wa mlimani umebarikiwa: Meru, Tengeru, Ilboru, zote zinaishia kina kimoja, -ru. Wa Unga Limited, pole, labda uitamke kama kondakta wa kifodi: "Limitedi!" Hata sheikh mwenyewe, kitabuni ni Abedi, uwanjani Abeid. Yule wa kitabuni ndiye mwenye kina.

2. Mizani. Hapa ndipo jasho linapotoka. Mshororo wa shairi tulilozoea ni mizani 16, nane kwa nane. "Mlima Meru wa kwetu, una baridi na ndizi." Hesabu kwa vidole, na ile M ya mwanzo usiiruke, ni silabi yenye haki zake. Sasa mwonee huruma Mathias Mnyampala, aliyelieneza Azimio la Arusha la 1967 kwa ngonjera: siasa ya Azimio hilo, "Ujamaa na Kujitegemea", peke yake ni mizani 11! Kipande cha nane hakiipokei hata usukume.

1. Kuboronga sarufi. Huu ni wizi wa mchana. Kina kinadai -di, nawe mkononi una "baridi yake kali". Pindua: "na yake kali baridi." Nane imetimia, kina kimekaa, sarufi imelala chali. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye insha anachorewa mkasi mwekundu, mshairi anapigiwa makofi, "Kongole, malenga!" Halafu mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyo na vina wala mizani, na wakongwe wakachachamaa. Sarufi walishaivunja miaka na miaka, kimya. Kina kikaguswa, vita.