Fadhila za Foleni ya Likoni

Haifai kumlaumu kijana wa Diani ambaye, katika mchezo wa No Man's Sky uliotolewa mwaka 2016, humwendea kasisi Nada kumuuliza lilipo shimo jeusi, kisha huliingia na chombo chake na kutemwa papo hapo karibu zaidi na kitovu cha galaksi, hasara yake ikiwa ni kifaa kuharibika. Lakini insafu yatulazimu kukiri upungufu wa safari hiyo: haina foleni. Maskini hapati wasaa wa kununua korosho, kusikiliza mawaidha wala kuposa, neema ambazo kivuko cha Likoni humjaalia kila abiria kabla hajavushwa mkondo wa kama nusu kilomita. Ajabu ni kwamba mafundi wa Guildford, Uingereza, waliouunda mchezo huo, pamoja na elimu yao yote, hawakuwaza kuliegesha shimo hata siku moja kwa matengenezo.