Jinsi ya Kuvaa Suti Katikati ya Atlantiki

Vazi la kwanza la safari ya anasa ni viza, nalo halishonwi na fundi yeyote wa mtaani kwenu. Tuseme umeamua kupanda Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York, usiku saba baharini, wakati ndege ingekufikisha huko kwa saa nane. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Uingereza ya kupandia na ya Marekani ya kushukia, pamoja na rundo la karatasi za benki za kuthibitisha kwamba anapapenda kwao na atarudi. Mstaafu wa Kiingereza utakayekaa naye mezani alijaza fomu kwenye intaneti huku akinywa chai. Usimsimulie habari za foleni ya ubalozini. Atakuonea huruma, na huruma huua hamu ya kula, nawe chakula umeshakilipia.

Sasa tuje kwenye nguo. Wengi hudhani meli ya starehe ni kaptula, kandambili na kujinyoosha juani. Hizo ni meli za Karibi. Kampuni ya Cunard, yenye meli hii, inavusha watu Atlantiki tangu 1840, na haioni sababu ya mtu aliyelipa fedha nyingi kupumzika aachwe hivi hivi bila kazi. Kazi aliyopangiwa ni kubadilisha nguo. Mchana uko huru kiasi. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, sheria inaanza kufanya kazi: mwanamume na mwanamke wawe nadhifu, na jinzi iliyochanika magoti irudi chumbani hata kama ilinunuliwa ikiwa imechanika. Halafu kuna usiku wa gala, kwa kawaida miwili katika safari moja. Hapo koti la kawaida halitoshi. Wengi huvaa suti nyeusi yenye kola ya satini pamoja na ile tai fupi ya kipepeo, na huenda ukaambiwa kwamba leo ni usiku wa nyeusi na nyeupe, au usiku wa barakoa, ambapo watu wazima wenye wajukuu hufunika macho kwa manyoya na kuulizana wao ni nani.

Suti hiyo usiinunue dukani. Nenda soko la mitumba la Gikomba, Kongowea au Karume asubuhi robota linapofunguliwa, uliza koti lenye kola inayong'aa. Muuzaji atakupunguzia, kwa sababu wateja wake huliona kama sare ya kwaya. Pekua mfuko wa ndani kabla ya kulipa. Koti hilo lilivaliwa na bwana fulani wa Ulaya, mjane wake akaligawa, likavuka bahari ndani ya kontena, na sasa unalirudisha kwao likiwa daraja la juu kuliko lilivyokuja. Likitambuliwa na mtu mezani, mpe pole.

Lakini kuna mlango wa pembeni, na nashangaa watu wetu hawautumii. Kanuni za Cunard zinakubali vazi rasmi la taifa lako badala ya suti nyeusi. Mskoti anapanda na sketi yake ya mistari na hakuna anayemsogelea. Wewe una kanzu. Chukua nyeupe yenye tarizi shingoni, weka koti jeusi juu, kofia ya viua kichwani, na usiku wa nyeusi na nyeupe umeshaumaliza wakati jirani yako bado anapambana na vifungo vya mikono ya shati. Ukitaka kufunga mjadala kabisa, vaa joho. Faida kubwa ya kanzu huonekana kuanzia siku ya nne, pale suruali za wanaume wote melini zinapoanza kugoma kiunoni kwa sababu ya vyakula vya asubuhi, mchana, alasiri na usiku. Kanzu haina ugomvi na tumbo la mtu. Tarajia kuulizwa kama wewe ni balozi, au una undugu na jumba la kifalme la Oman. Usikanushe haraka.

Kwa akina mama, gauni la kitenge lililoshonwa na fundi anayejua kazi linatosha usiku wowote, na kilemba kinalipa. Ila ningeshauri kila aliye na uwezo wa kulibeba jambo hili apeleke pia doti moja ya kanga na kujifunga mabegani kama shali. Meli ikijaa ina abiria zaidi ya 2,600. Ni nafasi adimu ya kupita katikati ya umati wa namna hiyo ukiwa umewaandikia mgongoni unachokifikiria juu yao, na wote wakakusifia rangi. Uwe mwangalifu na kitu kimoja tu. Vijana wa Kenya siku hizi huajiriwa kwenye meli za kitalii, na mhudumu anayekujia na sinia la supu huenda amelelewa Majengo, Mombasa. Akisoma kanga yako, supu iko hatarini.

Pasi usibebe. Itachukuliwa pale mizigo inapokaguliwa, kwa kuwa meli inaogopa moto kuliko inavyoogopa mawimbi, na utarudishiwa mwisho wa safari. Badala yake kuna vyumba vya kufulia, vyenye mashine za bure na meza za kupigia pasi, na huko ndiko mambo yote ya meli hujulikana. Alasiri ya siku ya gala nenda hata kama huna nguo ya kunyoosha. Utamkuta mwenye viwanda akiwa na soksi na shati bila suruali, kashika namba yake ya tatu kwenye foleni, anamtazama kwa jicho baya bibi aliyeleta mashuka. Hakuna mhudumu hapo wala hakuna daraja. Utasikia nani kahamishwa meza kwa sababu ya siasa, nahodha ana tabia gani, na ndoa ipi haitafika New York.

Nimetaja daraja. Kwenye meli hii, chumba chako ndicho kinachoamua utakula wapi. Wengi hula Britannia, ukumbi mkubwa wa ghorofa zaidi ya moja. Waliolipa zaidi hula Princess Grill, na waliolipa hadi ikauma hula Queens Grill; hawa wa Grill wana sebule yao na sitaha yao ya kuotea jua, ili wasilazimike kukuona ukiwa na furaha. Kabla ya kulipia chumba chenye baraza, uliza baraza hilo linatazama nini. Vipo vinavyotazama boti la uokoaji lililoning'inizwa mbele yako. Utaamka kila siku ukiangalia tumbo la boti, jambo ambalo si baya kwa mtu mwenye wasiwasi.

Chai ni saa tisa na nusu alasiri, katika Queens Room, na wahudumu wanaingia kwa mstari wakiwa na glavu nyeupe. Pokea skoni, paka krimu na jamu, tulia. Usiulize mahamri. Usiulize kwa nini maziwa yameletwa pembeni na baridi. Mwenye kuhitaji pilipili aje na achari yake chumbani, na asiyekula nguruwe aseme mapema, tangu wakati wa kukata tiketi, maana jikoni wanajipanga. Anayeswali atazame runinga ya chumbani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea. Unakwenda magharibi, kwa hiyo kibla utakitafuta upande wa tezi, na kila baada ya siku utahitaji kukirekebisha kidogo. Saa nazo zinarudishwa nyuma moja moja, usiku mitano kati ya hiyo saba, hadi mfike sawa na New York. Hii ndiyo anasa ya kweli katika bei yote uliyotoa: siku tano zenye saa 25, wala hakuna bosi anayejua kwamba umeongezewa.

Juu ya bahari yenyewe, usijisifu kwamba wewe ni mtu wa pwani. Atlantiki ya kaskazini haijui Nungwi wala Lamu. Hata Julai, upepo wa sitaha ya saba, ile ya kuzungukia kwa miguu, unapenya sweta, na wigi lililobandikwa kwa haraka linaweza kutangulia Marekani bila viza. Mizunguko mitatu ya sitaha hiyo inapita maili moja kidogo, na utawakuta wazee wa miaka 80 wakikupita mara mbili bila kuhema. Mwenye tumbo jepesi achague chumba cha chini kilicho katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo, atafune tangawizi au tufaha la kijani, na aviweke viatu vyenye visigino virefu kwa siku ambazo bahari imetulia. Nimemwona mtu akishuka ngazi kwa visigino katika boti ya kwenda Unguja, na hapo ni mwendo wa saa mbili tu.

Abiria anayetunzwa vizuri kuliko wote melini, hata hivyo, si mtu. Queen Mary 2 inabeba mbwa. Ina vizimba 24, vinavyokatwa tiketi mapema sana kuliko vyumba vya binadamu, na mhudumu maalumu wa kuwalisha na kuwatembeza. Mbwa wa Kiingereza amewekewa nguzo ya taa kutoka Liverpool ya kumaliza haja zake, na mbwa wa Kimarekani bomba la zimamoto kama yale ya mitaa ya New York, ili kila mmoja ajisikie yuko nyumbani. Ukiruhusiwa, kawaone. Hawatakuuliza umetoka wapi, wala hawavai tai.

Ukisafiri peke yako nawe ni mama, usiogope ukumbi wa dansi. Kampuni imeajiri mabwana nadhifu, wengi wa makamo, kazi yao ikiwa kucheza valsi na foksitroti na abiria wasio na wenzi. Wanatakiwa wagawe nyimbo kwa haki, na mapenzi hayaruhusiwi. Mzee wako aliyecheza kwenye klabu za dansi za Dar es Salaam enzi za mkoloni angewafundisha mawili matatu, na bila mshahara. Bakshishi, kwa njia, inakatwa yenyewe kila siku kwenye akaunti yako kwa dola, hivyo usishangae bili ikiwa ndefu kuliko menyu.

Mezani usitaje Titanic. Iliondoka Southampton hiyo hiyo, Aprili 1912, ikielekea New York hiyo hiyo, na kila mtu pale anaikumbuka bila msaada wako. Ukibanwa sana, taja Carpathia, meli ya Cunard iliyookota manusura zaidi ya 700. Utaonekana msomi na wenyeji wako watakuongezea mvinyo au juisi.

Hapa kejeli ikae pembeni kidogo. Kabla au mara tu baada ya meli kung'oa nanga utaitwa kwenye mazoezi ya dharura, nayo ni miito saba mifupi ya king'ora na mmoja mrefu. Watu hutamani kuyakwepa ili wakapige picha. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na walikuwamo abiria waliopanda siku hiyo hiyo ambao mazoezi hawajayafanya. Ndiyo sababu sheria ya kimataifa ikakazwa kuanzia 2015. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Spice Islander mwaka 2011 hatuhitaji kuhubiriwa. Nenda, vaa jaketi okozi unapoelekezwa, jua boti lako liko wapi. Ndilo vazi pekee katika safari nzima ambalo halina masharti ya rangi.

Asiye na uwezo wa yote haya, na yuko Ghuba kikazi, afanye majaribio kwanza. Queen Elizabeth 2, dada mkubwa wa meli hii, iliuzwa mwaka 2007 na kupelekwa Dubai mwaka 2008, na tangu 2018 ni hoteli iliyofungwa gatini Mina Rashid. Haisogei. Hakuna kichefuchefu, na ukichoka kuvaa koti unachukua teksi.

Usiku wa mwisho utaambiwa uweke masanduku nje ya mlango kabla ya kulala. Yanachukuliwa, yanashushwa, mnakutana nayo nchi kavu. Hapa ndipo waungwana huanguka. Mtu ana furaha, kakunja kila kitu kwa utaratibu, kaweka nje, kafunga mlango, na ndipo anapotambua kwamba amebaki na nguo ya kulalia na tai ya kipepeo. Alfajiri hiyo sitaha hujaa, kwa sababu meli inapita chini ya daraja la Verrazzano na bomba lake la moshi linapishana na chuma cha daraja kwa mita chache tu. Mwanga ukipanda utawahesabu: suruali ya suti na slipa za chumbani, joho la taulo lililofungwa kwa mkanda wa gauni, barakoa ya manyoya kichwani kwa kuwa hapakuwa na kofia nyingine.

Wewe utakuwa umebakiza kanzu moja na kandambili kwenye mkoba wa mkononi. Shuka Brooklyn taratibu, viza juu, na ile achari iliyobaki itaje kwenye forodha kabla hawajaiona wenyewe. Wanauliza sana habari za vyakula, na wakishaifungua hawatajua kuifunga.