Kitanda Kitupu cha Mtoto na Kiti cha Mama Asiyekuja

Loh! Mama mzazi kanuna, kajikalia zake Roma, sherehe ya mwanawe ya kuvishwa taji hakuikanyaga. Halafu unaingia jumba la Versailles, kule Ufaransa, unamkuta kwenye picha kaketi katikati ya kanisa, kapendeza, anamwangalia mwanawe akitukuzwa. Sogezeni kahawa wazee wangu, hili mimi siwezi kulinyamazia.

Huyo mwana ni Napoleon. Alitawazwa tarehe 2 Desemba 1804, kanisa la Notre-Dame, Paris. Mama yake, Letizia, alikuwa kasimama upande wa mtoto wake mwingine, Lucien, ambaye kaka mtu alimkasirikia kwa ajili ya mke aliyemuoa. Mama akasema kama ni hivyo, siji. Na kweli hakuja. Basi mchoraji Jacques-Louis David akapewa kazi ya kuichora siku ile, akaifanya kwenye kitambaa kinachozidi mita 6 kwenda juu na kukaribia mita 10 kwa upana, na mama akamtafutia kiti.

Si mama peke yake. Papa Pius wa Saba, aliyetolewa Roma safari yote ile, kwanza alichorwa mikono kaiweka magotini, mtu aliyekuja kushuhudia tu. Mfalme hakupendezwa. Mkono ukainuliwa, Papa akawa anabariki. Na Napoleon mwenyewe, ambaye siku ile alijivika taji kwa mkono wake, David alianza kumchora hivyo hivyo anavyojivika, kisha akageuza: kwenye picha anamvisha mkewe Josephine, aliyepiga magoti mbele yake. Hilo la mke angalau lilitokea kweli. Lakini la mama halikutokea kabisa!

Picha ya kwanza siku hizi iko makumbusho ya Louvre. Ya Versailles ni ya pili, David aliirudia mwenyewe. Aliianza 1808 akaimaliza 1822 akiwa Brussels, uhamishoni, Napoleon keshaanguka na keshakufa. Ukizitazama zote mbili utaona tofauti moja mara moja: dada mmoja wa Napoleon, ambaye kwenye ile ya kwanza kavaa nyeupe kama wenzake, huku kavaa gauni la rangi ya waridi. Lakini mama yuko pale pale. Mtawala hayupo, hakuna tena wa kuamuru, na mzee wa watu bado hajaruhusiwa kubaki Roma na hasira zake.

Hapo ndipo ninaposonya. Mwenye jumba kujipamba ukutani sina neno naye. Louis wa Kumi na Nne alichorwa na mchoraji Rigaud mwaka 1701 akiwa na miaka 63, kafunua miguu kama kijana wa ngoma, viatu vina visigino vyekundu. Sawa, mzee kataka kupendeza. Lakini mama kumkatalia mwanawe ni neno zito. Letizia hakuwa na jeshi wala gazeti. Alichokuwa nacho ni kutokuwepo kwake, na hicho hicho ndicho walichomnyang'anya.

Sasa geukeni huku, kwenye picha nyingine ya jumba hilo hilo.

Malkia Marie Antoinette na watoto wake, kazi ya Élisabeth Vigée Le Brun, mwanamke aliyezaliwa mwaka mmoja na malkia mwenyewe, 1755. Miaka minne kabla picha hii haijaonyeshwa, mama huyu alikuwa kamchora malkia na gauni jepesi la melimeli na kofia ya majani, watu wakapiga kelele kwamba malkia kaonyeshwa na nguo ya ndani, picha ikaondolewa kwenye maonyesho. Hii ya watoto iliagizwa mwaka 1785, mwaka ule ule wa kashfa ya mkufu wa almasi. Mkufu malkia hakuuagiza wala hakuupata, matapeli walitumia jina lake, lakini nani alisikiliza? Kwa hiyo humu kavaa mahameli mekundu, kakaa kwa heshima zote, na shingo haina mkufu. Kabati la vito liko nyuma, gizani. Mbele kuna watoto: mdogo mapajani, binti kamwegemea mama begani, na mrithi wa kiti, Louis-Joseph, kasimama kando.

Angalieni kidole cha huyo mvulana. Kinaelekea kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Kitanda kitupu.

Alitakiwa awemo mtoto wa nne, Sophie. Alizaliwa Julai 1786, akafariki Juni 1787, mwaka haujatimia, na picha haijakamilika. Kitoto kikatolewa, kitanda kikabaki. Wangeweza kukiondoa na kitanda, jamani! Wangeweza kuweka ua, au mbwa, au kiti, wala hakuna ambaye angeuliza. Wakakiacha. Na kaka mtu akaachwa anaonyesha kwa kidole, kama mtoto yeyote anayewaambia wageni: huyu ndiye hayupo.

Huko nje Ufaransa imefilisika, malkia wamembandika jina la Bibi Nakisi. Siku ya kufungua maonyesho ya 1787, mchoraji aliogopa kuipeleka picha, fremu ikaning'inia tupu, na watu wakasema nakisi yenyewe ndiyo hii. Msiba wa miezi miwili tu! Nasonya tena, na hapa nausonyea umma.

Mwaka 1789, Juni, na yule mwenye kidole naye akafariki, ana miaka saba. Malkia akawa hawezi kupita mbele ya picha ile bila kulia. Ikashushwa, ikawekwa mbali na macho, na Mapinduzi ya Ufaransa yalipofika jumbani miezi michache baadaye, yenyewe ikasalimika.

David yeye katika mapinduzi alikuwa mbunge, akapiga kura mfalme, mume wa malkia huyu, auawe. Tarehe 16 Oktoba 1793 malkia alipopitishwa kwenye mkokoteni kwenda kukatwa kichwa, David alimchora kwa mistari michache ya wino: kofia ya kitambaa, nywele zimekatwa, mikono imefungwa nyuma, mdomo kaubana. Hakumwongezea mtu, hakumpunguzia. Basi mkono huu ulijua kuchora kilichokuwepo! Miaka kumi na kidogo baadaye ndio huo huo uliomkalisha Letizia kanisani.

Mzee wangu hapa pembeni ananiuliza, na yule binti aliyeegemea bega? Anaitwa Marie-Thérèse. Yule mdogo wa mapajani alifia gerezani 1795, ana miaka kumi. Binti alitolewa gerezani Desemba mwaka huo huo, akitimiza miaka kumi na saba, baba hana, mama hana, ndugu hana hata mmoja. Akaishi mpaka 1851. Kati ya watoto wanne wa picha ile, ukimhesabu na yule wa kitandani, ni yeye peke yake aliyefika utu uzima.