Siku Yake Haifiki

Nimeoa katika ukoo wa watu wanaonunua vinywaji ili wasivinywe. Ukweni kwangu ni Bordeaux, Ufaransa, na baba mkwe ana stoo chini ya nyumba, yenye giza na ubaridi wa nyuzi 12 mwaka mzima. Humo chupa za mvinyo mwekundu zimelazwa ubavu ili vizibo visikauke, zimejaa vumbi ambalo ni mwiko kulifuta. Sisi wageni tunalala sebuleni, juu, kwenye sofa la kukunjua, joto la Agosti likitutokosa. Chupa zina chumba chao.

Kinachonikera si vumbi. Nikiuliza tutafungua lini ile ya mavuno ya 1996, mzee ananijibu, "Bado." Nikigusa nyingine, anatikisa kichwa kwa huzuni: "Hiyo tumeshachelewa." Katika miaka yote ya ukwe wangu sijasikia akisema kwamba leo ndiyo siku yake.

Sababu wananieleza, tena bila kuombwa. Mvinyo wa Médoc, ambao zabibu zake nyingi ni Cabernet Sauvignon, ukiwa mchanga umejaa tanini ya maganda, ya kokwa na ya mapipa ya mwaloni. Ukionja, ukakasi unakubana fizi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Miaka ikienda, tanini na rangi hushikamana, huwa nzito, huzama na kuwa mashapo. Mvinyo hulainika na kupauka: zambarau ya ujana inageuka wekundu wa tofali, na ukingoni mwa glasi inaingia kahawia. Harufu ya matunda nayo inaaga, zinakuja za ngozi, tumbaku, uyoga na majani makavu. Yaani umelipa fedha nzuri, ukasubiri miongo, ili matunda yatoke uyoga uingie. Halafu mimi ndiye nisiyejua mambo.

Lakini Mungu si Athumani, siku moja wakafungua. Chupa ilisimamishwa tangu juzi yake ili mashapo yatulie. Kizibo cha zamani ni kama hakipo, kikivutwa kwa pupa kinamomonyoka, kwa hiyo mzee akatoa kizibuo cha meno mawili bapa, akayapenyeza kati ya kizibo na kioo, akawa anakiyumbisha kushoto, kulia, kushoto, na huku anakivuta. Akawasha mshumaa, akauweka nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina kwenye jagi la kioo. Hakuna aliyepumua. Uzi mweusi ulipoanza kuteleza kuelekea shingoni, akasimamisha mkono papo hapo. Vidole viwili vya mvinyo vikabaki chupani na mashapo yake, vikaenda kumwagwa kwenye sinki. Nilivisindikiza kwa macho.

Wakainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe kukagua ukingo. Wakazungusha, wakanusa, wakazungusha tena. Shemeji akasema anasikia msitu baada ya mvua. Mama mkwe akasikia kisanduku cha sigara. Zamu yangu ilipofika, nikasema nasikia kondoo anaungua. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeinuka kwenda jikoni.

Nikawakumbusha, kwa adabu ya mkwe, utafiti uliochapishwa 2001, tena wa hapo hapo kwao Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalishaamua, pua ikafuata mkumbo. Baba mkwe akanisikiliza hadi mwisho, akanijibu kwamba hao walikuwa wanafunzi.

Siwalaumu sana. Mashamba yao ya Médoc yalipangwa katika madaraja matano mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, na tangu hapo orodha haijaguswa kwa uzito ila 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza. Watu waliovumilia orodha moja muda wote huo watashindwaje kuvumilia njaa yangu?

Kichekesho ni kwamba mvinyo mkongwe ukishapata hewa unaweza kuchoka upesi. Basi wale wale wa "bado, bado" wakageuka ghafla: kunyweni, unatutoka huu! Nikanywa na tumbo tupu. Na nitakuwa mkweli, ulikuwa laini ajabu. Ladha yake ilibaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza, ikanisahaulisha kondoo kwa dakika nzima.

Mzee akafumba macho, akatoa hukumu: "Mzuri. Ila ungekuwa bora zaidi miaka mitano iliyopita." Miaka mitano iliyopita nilikuwa kwenye meza hiyo hiyo, nauliza swali lile lile.

Nikadhani nimempata. Kama huu umechelewa, nikasema, basi wenzake wa kreti hiyo tuwafungue leo kabla hawajaharibika. Akanitazama kwa huruma. Kila kizibo kinapitisha hewa kwa namna yake, mwanangu, kwa hiyo chupa mbili za kreti moja hazizeeki sawasawa. Hizo nyingine, akasema, bado.

Nimeshamwambia mke wangu: urithi ukigawanywa, ndugu zake wachukue stoo. Sisi tuchukue kizibuo.