Mimi Sichezi Kamari, Nazungusha Tu

Zamani mtu akitaka kubahatisha Kakamega, ilimbidi atoke nyumbani. Wazungu waliokuja kusaka dhahabu miaka ya 1930 walivuka bahari, wakapiga hema kando ya mito yetu, na wengine wakaambulia matope. Mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwaka wa 1952, wenyeji hawakuacha kuchimba, na hadi leo utamkuta mama ameinama mtoni anaosha mchanga kwenye karai. Hakuna asiyejua anachofanya. Anabahatisha, mgongo unamuuma, na giza likiingia anakwenda zake nyumbani.

Jumamosi alfajiri, fahali wanapopambanishwa Shinyalu au Khayega, wapo pia wanaowekeana dau chini kwa chini. Lakini fahali ana tabia moja nzuri. Akiona maji yamezidi unga, hugeuka na kutimua mbio. Isukuti inalia, umati unamfuata mshindi, shughuli imekwisha, watu wanakwenda kunywa chai. Simu haijawahi kugeuka na kutimua mbio.

Hilo nililiona vizuri jikoni kwa senje. Senje ni dada ya marehemu baba, na huniita "baba" kwa kuwa nilipewa jina la babake. Ni mtu wa Kanisa la Friends, lile lililoletwa Kaimosi na wamishonari kutoka Marekani mwaka wa 1902, na katika nyumba yake pombe haiingii, sigara haiingii, na kamari haitajwi. Duka la kubeti lililo karibu na soko hulipita akiwa ameangalia ng'ambo, hata kama ng'ambo hakuna cha kuangalia.

Jioni hiyo alikuwa anasonga ugali. Simu ikalia. Kumbe mchana alikuwa amenunua bando, na kampuni ya simu imemshukuru kwa kumpa nafasi moja ya kuzungusha gurudumu. Mwiko ukaachwa umesimama wima katikati ya sufuria. Vidole vilikuwa vimejaa unga, kwa hiyo akabonyeza kwa kiwiko, kwa ustadi ulioonyesha kwamba kiwiko hicho si mara yake ya kwanza. Gurudumu likazunguka na rangi zake zote, likapunguza mwendo, likajikokota kuelekea "Sh10,000", likaichungulia, kisha likasimama pembeni yake kabisa.

"Baba, umeona? Ilikuwa imeshafika!"

"Senje, hii si kamari?"

"Kamari ni ya wale vijana wa steji. Mimi nimepewa zawadi. Wewe ukipewa zawadi unaikataa?"

"Na iko wapi hiyo zawadi?"

"Kesho," akasema, akirudi kwenye mwiko. "Imeandikwa nijaribu tena kesho."

Ugali ulikuwa umeshashika chini. Ule ulioungua nilipewa mimi, mwenye jina la mzee.

Ukweli ni kwamba gurudumu hilo halizunguki. Kompyuta huwa imeshaamua utapata nini, na kinachozunguka ni mchoro wa kukuburudisha wakati unasubiri kukosa. Hata kule kuchungulia elfu kumi kunaweza kupangwa, maana waliotengeneza mashine za kamari waligundua zamani kwamba aliyekosa kidogo hupata hamu ya kurudi. Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliandika kwa kirefu kuhusu njiwa wake waliodonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyelipwa bila utaratibu, mara apate mara akose, alidonoa na kudonoa bila kuchoka, hata chakula kilipokatizwa. Nilimweleza senje habari hizo zote. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la Mluhya halisi: kwa nini hawakutumia kuku?

Tangu siku hiyo naona magurudumu kila mahali. Jirani yangu mwalimu, mwezi ukikaribia kuisha, huuvuta ukurasa wa benki chini kwa kidole, akauachia, akauvuta tena, kama mtu anayeteka maji kisimani wakati wa kiangazi. Mtindo huo wa kuvuta ukurasa ulibuniwa na Loren Brichter kwa ajili ya programu yake iitwayo Tweetie, iliyokuwa ya kusomea Twitter, na ilipofika 2009 watu walikuwa wanavuta. Sidhani alikuwa anawafikiria walimu wa Kakamega tarehe 28. Mwana wa mwalimu naye anajifunza hesabu kwenye simu. Saba mara nane bado inamshinda, ila ukimuuliza sanduku la zawadi la zambarau lina almasi ngapi, anakujibu kabla hujamaliza swali.

Vijana wa steji, wale senje anaowasikitikia, angalau hawadanganyani. Wao wana kindege. Kindege chekundu kinapaa kwenye skrini, na kadiri kinavyopaa ndivyo pesa ulizoweka zinavyoongezeka, mara moja na nusu, mara mbili, mara tatu. Ukizitoa kabla hakijatoweka, ni zako. Kikitoweka kwanza, kimeondoka nazo. Siku moja nilikuwa nawahi matatu ya Kisumu, nikapanda boda, na dereva hakuwasha pikipiki. "Mkubwa, nipe dakika, iko hewani." Wenzake walikuwa wameshamzunguka, na mimi niko juu ya kiti nyuma yake bila pa kwenda, wote wanapiga kelele: "Toa! Toa! Toa sasa!"

Wakati huohuo matatu moja ilikuwa inapunguza mwendo pale kwenye tuta. Kondakta alikuwa ananing'inia mlangoni. Aliposikia "Toa! Toa!" mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne, naye akaanza kutafuta kwa macho ni askari gani wa trafiki leo. Hakumwona. Matatu ikaondoka, mkono bado umenyooshwa. Kindege nacho kikaondoka. Matatu yangu ya Kisumu, nadhani, iliondoka saa hiyohiyo.

Serikali imejaribu kuidhibiti kamari. Mwaka wa 2018 kijana mmoja alijishindia zaidi ya Sh208 milioni kwa kubashiri mechi 17, na kila steji ya Kenya ikapata wachambuzi wa ligi ambazo hawajui ziko nchi gani. Mwaka uliofuata kampuni 27 za kubeti zilikataliwa leseni mpya. Aprili 2025 matangazo ya kamari yakasimamishwa kwa siku 30. Gurudumu la senje liliendelea kuzunguka siku zote hizo, maana lenyewe si kamari. Ni shukrani kwa mteja.

Wiki chache baadaye tulifiwa na mzee wa ukoo, na kamati ya mazishi ikafunguliwa kikundi cha WhatsApp kama ilivyo ada. Mwenyekiti akaandika bajeti: jeneza, hema, viti, ng'ombe, gari la kutoa mwili mochari. Chini yake tu, kutoka kwa senje, ukaingia ujumbe wenye fataki na herufi kubwa: "HONGERA! WEWE NI MSHINDI WA LEO! Tuma kwa vikundi 5 upokee zawadi yako."

Kimya kilidumu kitambo. Kisha mtu akaandika "Amina." Mwingine akaandika "Amina." Zikafuata Amina nyingi za watu ambao ni dhahiri hawakusoma. Mwenyekiti akatukumbusha, kwa upole unaostahili msiba, kwamba kikundi hiki ni cha michango tu.

Usiku, mweka hazina alinipigia simu faraghani. Alitaka nimuulizie senje kama kile kitu kinafanya kazi pia kwenye simu ya kabambe.