Sifa za Kisanduku cha 16K

Mnazi umeshasifiwa na washairi wa pwani, kuanzia kuti hadi kumbi. Hauna tena shida ya mtetezi. Mimi nakisimamia kile kisanduku cheusi cha kumbukumbu, kilobaiti 16, kilichokuwa kikichomekwa nyuma ya kompyuta ya Sinclair ZX81, na ambacho kimetukanwa kuliko stahili yake.

ZX81 iliingia sokoni Uingereza mwaka 1981 kwa pauni 69.95, au 49.95 kwa atakayekubali kupelekewa vipande ajiungie mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti moja. Moja tu, na humo programu, namba zake na maandishi ya kwenye televisheni vilibanana kama abiria wa daladala. Aliyetaka nafasi alinunua kisanduku, kwa pauni nyingine 49.95. Naam, bei ileile ya kompyuta nzima ya kujiungia. Kitu cha thamani hivyo hakitukanwi ovyo.

Maadui zake husema kilikuwa kikicheza. Ni kweli. Hakikuwa na skrubu wala kulabu, kilining'inia pale nyuma kwa imani. Vitufe navyo vilikuwa bapa, herufi zimechapwa juu ya plastiki, na ili herufi ikubali ilibidi ukandamize kidole. Ukikandamiza, kompyuta ya gramu 350 inatikisika, kisanduku kinalegea kidogo, na jioni nzima ya kazi imekwenda na maji. Skrini inabaki nyeupe, isipokuwa ile K ndogo kwenye pembe ya chini kushoto, inakungoja kwa adabu kana kwamba ndiyo kwanza mnajuana.

Lakini tazama kilivyoleta nidhamu! Nyumba ambayo haikuwahi kumsikiliza mtoto ilianza kumsikiliza. Mama hafuti vumbi mezani, mdogo mtu ananyata, paka anatolewa nje. Baba mwenyewe anafunga mlango taratibu. Kijana wa miaka 13 aliyapata wapi mamlaka hayo, kama si kwa kisanduku?

Kilikuwa pia mhariri, na mhariri asiye na upendeleo. Tuseme kweli: programu nyingi za vijana wale zilikuwa mbovu. Kisanduku kilizifuta kabla hazijamwaibisha mtunzi, naye alipoziandika upya, kwa hasira na uchovu, zilitoka fupi na safi zaidi. Kikafundisha hata uhandisi, maana nchi nzima watu walikuwa wakikishikiza kwa Blu-Tack, seloteipu na mipira ya kufungia noti.

Wapinzani watanitajia David Horne, aliyeishindilia sataranji ndani ya kilobaiti moja. Heshima yake. Ila katika sataranji ile askari akifika mwisho wa ubao hapandi cheo. Nafasi haikutosha kumpandisha.

Kwa upande wa kisanduku kulikuwa na 3D Monster Maze ya Malcolm Evans: unatangatanga katika vichochoro, na dinosau anakunusa. Bila 16K huchezi. Michezo ya leo ina mazimwi mengi ya rangi, lakini hakuna hata mmoja uliompa mchezaji tishio mara mbili namna ile. Dinosau akijitokeza, unashtuka. Ukishtuka, unabonyeza kwa nguvu. Ukibonyeza kwa nguvu, kisanduku kinacheza, na mnapotea wote wawili, wewe na yeye. Ukitaka kuokoka ilikubidi ukimbie kwa vidole vitulivu.

Watasema basi kazi ingehifadhiwa kwenye kaseti mara kwa mara. Wenye busara walifanya hivyo. Programu iliyojaza kisanduku ilichukua zaidi ya dakika tano kurekodiwa, nao walisubiri wamebana pumzi. Kwanza, hata hivyo, ilibidi kuwasha rekoda, ambayo ilikaa juu ya meza ileile, na kitufe chake cha kurekodia kilikuwa kigumu, hakiingii mpaka ukipige kwa dole gumba.