Michungwa ya Bondeni

Yaliyotufikisha kwenye baraza la ardhi yalianza na michungwa. Shamba la babu, nje kidogo ya mji wa Muheza, lina kipande cha bondeni ambacho tangu tukiwa wadogo kililimwa na jirani, mzee mmoja aliyekuja Tanga kukata mkonge, akabaki hata kazi za mashamba makubwa zilipodorora. Babu alimpa alime mihogo na mahindi ya kulisha wanawe. Hakumdai kodi. Kila msimu mzee yule alileta kikapu cha mahindi mabichi, akaketi kibarazani na babu wakanywa chai hadi adhana ya magharibi.

Mkulima yeyote wa kwetu anajua mti unasema nini. Ukimpa mtu ardhi alime, anapanda vitu vya msimu, anavuna, na ardhi inabaki kama ilivyokuwa. Mchungwa au mnazi hupandwa na mwenye shamba. Babu alifariki mwaka 2009, mzee akamfuata miaka miwili baadaye, na mwaka 2012 wanawe wakapanda michungwa bondeni, safu kwa safu, hadi kwenye ua wa minyaa uliokuwa mpaka wetu.

Shangazi alipoiona ile miche alitaka waitwe siku hiyohiyo. Bibi akakataa katakata. Alisema baba yao alikula nasi, na kijana wake mkubwa ndiye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi la mume wake. Hawezi kumwita mtoto kama huyo kumuuliza habari za miche. Baba mdogo akashauri tungoje mirathi. Na mirathi haikufunguliwa, maana kila ilipotajwa ilionekana kama tunagawana nyumba ya bibi ilhali yu hai anatutazama. Basi ikawa funika kombe mwanaharamu apite. Mimi simlaumu bibi hata leo. Heshima ya ujirani aliyoilinda ni kitu cha thamani, na vijiji vingi vimesimama kwa sababu ya watu wa namna yake. Lakini sheria nayo ilikuwa ikihesabu, na hesabu yake haikusimama kwa ajili ya kaburi wala chai.

Mwanzoni mwa 2020 tukakuta vigingi vya mbao vimepigwa bondeni. Kijana wa pili wa mzee alikuwa amemuuzia mtu nusu ya kipande. Hapo hata bibi alinyamaza.

Kikao cha ukoo kilijaa maneno ya nani alimpa nani na nani alikuwepo. Shangazi akamleta mama mmoja, msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Yeye hakuuliza shamba ni la nani. Aliuliza tarehe. Babu alifariki lini? Mzee alifariki lini? Miti ilipandwa lini? Tulipoanza kusema "miaka mingi iliyopita" alituzuia kwa mkono, akasubiri mwaka.

Kisha akatueleza jambo ambalo nyumba nzima haikuwa ikilijua. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 kudai ardhi. Ardhi ya marehemu aliyekufa akiwa anaimiliki huhesabiwa kuanzia siku alipofariki. Si siku mirathi ilipofunguliwa, si siku warithi waliposhtuka. Shangazi alianza kuhesabu kwa vidole, akafika 2021, akaweka mkono kifuani. Ilikuwa imebaki miezi.

Baba mdogo akauliza kama hakimu hawezi kutuhurumia, kwa kuwa kila mtu Muheza anajua shamba ni la babu. Yule mama akasema ukweli na muda ni vitu viwili. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinataka shauri lililochelewa litupwe hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamikia ucheleweshaji. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda wa kufungua shauri, ila si zaidi ya nusu ya muda uliowekwa, na anahitaji sababu ya msingi. Kuona haya si sababu ya kumwandikia waziri.

Upande wa pili ulikuwa na hoja yake, na ninakiri ilinitia hofu. Wapo watu wanaopata ardhi kwa kuikalia. Mwenye ardhi akiitelekeza, mwingine akaingia bila ruhusa, akaishika waziwazi kama yake, bila kukatizwa, miaka 12 ikapita, mwenye ardhi anaweza kupoteza haki ya kumtoa. Wale vijana walikuwa wakisema baba yao alishika bonde tangu 1988, zaidi ya miaka 30.

Kila kitu kikaning'inia kwenye swali moja: aliingiaje? Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Masista wa Roho Mtakatifu dhidi ya watu zaidi ya mia moja waliodai ardhi kwa kuikalia muda mrefu, ilitaja masharti ya dai la namna hiyo, na mojawapo ni kwamba mkaaji awe aliingia bila idhini ya mwenye ardhi. Aliyekaribishwa, hata akikaa miongo mitatu, hawezi kugeuza ukarimu kuwa umiliki. Ile chai ya kibarazani, ambayo sisi tuliiona ndiyo udhaifu wetu, ilikuwa ndiyo nguvu yetu. Ila nani angeithibitisha? Babu kafa, mzee kafa, na bibi ni mjane mwenye maslahi katika shamba lenyewe.

Bibi ndiye aliyekumbuka sanduku la bati. Lilikuwa chini ya kitanda chake, kufuli limeshika kutu, ikabidi baba mdogo alivunje kwa patasi. Juu kulikuwa na khanga za doti alizowekewa na marehemu, chini yake risiti za pamba za miaka ya sabini, na chini kabisa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Babu aliandika humo kila kitu: nani kakopa jembe, mbuzi yupi kazaa. Katika ukurasa mmoja, kwa wino wa buluu uliopauka, ameandika kwamba amempa jirani bonde alime mihogo na mahindi, asipande miti, na atalirudisha likihitajiwa. Chini kuna alama ya dole gumba ya zambarau, pana, mistari yake bado inaonekana, na majina ya mashahidi wawili. Mmoja alikuwa hai, mwenye miaka 84, na akili timamu.

Tulikimbia. Cheti cha kifo cha babu hakikuwahi kuchukuliwa, tukaanzia hapo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ukaandikwa na kusainiwa, shangazi akapendekezwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Mali ya marehemu haiwezi kudaiwa na kila mjukuu mwenye uchungu, msimamizi ndiye mwenye mdomo. Wakati ule Baraza la Kata lilikuwa bado linaamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 (tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu), na bonde letu lilizidi hapo, kwa hiyo tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wenzetu waliweka pingamizi la awali kwamba tumechelewa. Likatupwa.

Wakati tukiwa katika hekaheka hiyo, baba mdogo naye akaamka na deni lake. Mwaka 2012 alimuuzia rafiki wa familia mashine ya kusaga kwa mkopo. Malipo ya mwisho yalipokelewa 2013, na kuanzia hapo ni ahadi tu kila Idi. Muda wa kudai kilichotokana na mkataba ni miaka 6. Malipo ya sehemu ya deni, au maandishi yenye sahihi ya mdaiwa ya kulikubali, huanzisha hesabu upya. Maneno ya mdomo hayaanzishi kitu. Yule rafiki alikiri deni mbele yetu sote, akala pilau, na karatasi ilipoletwa akasema ameacha miwani nyumbani. Hesabu ilikuwa imekwisha tangu 2019. Hakuna mahakama ya kumlazimisha. Baba mdogo alimngojea kwa upole miaka yote ile, na upole wake ndio uliompa mwenzake njia ya kutokea. Jambo hili linanikasirisha kuliko michungwa, kwa sababu wale vijana huenda kweli waliamini bonde ni la baba yao. Huyu alijua.

Shauri la bondeni lilimalizika mwaka 2022 kwa hati ya makubaliano, ikawekwa kwenye kumbukumbu za baraza. Vijana walikubali kwamba baba yao alikaribishwa. Mnunuzi akarudishiwa fedha zake na aliyemuuzia. Bwana shamba alihesabu miti, na tukakubaliana wavune misimu mitatu kisha warudishe ardhi na miti yake, nasi tuwalipe fidia ya miche. Shangazi aliona fidia ni kubwa mno. Bibi aliona ni ndogo, akaongeza mbuzi wawili kutoka zizi lake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Mwaka jana kijana mkubwa aliomba alime mahindi bondeni, katikati ya miti. Bibi akasema ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Shangazi akaleta daftari jipya, akaandika tarehe, mazao na muda, akamsomea kwa sauti, na kijana akatia sahihi bila kinyongo, akataka nakala yake. Baba mdogo alikuwepo. Aliuliza kama lile daftari lina kurasa za kutosha, akalichukua kwenda nalo kwa mpangaji wa banda la uani, anayedaiwa kodi tangu mwaka juzi.